Moja Kati ya Mia Tano Tisini na Tano

Kiwandani walimwita Bi Asilimia, na jina hilo alilibeba kama wengine wanavyobeba cheo. Kazi yake ilikuwa kukagua balbu. Kila asubuhi aliletewa masanduku, akachomoa balbu hii na ile bila kuchagua, akaziwasha kwenye ubao wa majaribio, akaandika alichokiona. Kwa balbu hamsini aliweza kukupa habari za balbu elfu hamsini, na ilikuwa nadra akosee. Wenzake wakibishana kuhusu mpira, mvua au nani atapandishwa cheo, mwisho wa ubishi humgeukia yeye, naye hujibu kwa namba, kalamu sikioni, bila kupandisha sauti.

Baba yake alikuwa fundi saa. Duka lake lilikuwa jembamba kama kabati, limebanwa kati ya duka la dawa na la viatu, lakini nyuma lilikuwa na chumba chenye meza ya duara na dirisha moja. Katika chumba hicho, kila Jumamosi alasiri kwa miaka ishirini, watu wanne walicheza karata. Wa kwanza alikuwa Fundi mwenyewe. Wa pili alikuwa Kinyozi, rafiki yake tangu ujana, ambaye alihitaji kuvuka barabara tu kutoka dukani kwake. Wa tatu alikuwa Dereva, aliyeendesha malori ya masafa marefu mpaka akastaafu, na ambaye bado aliongea kama mtu anayeshindana na injini. Wa nne alikuwa Mkunga, mwanamke wa maneno machache aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa ule, Bi Asilimia akiwa mmoja wao.

Walichezea njiti za kiberiti. Aliyeishiwa njiti aliosha vikombe.

Mchezo wao waliuita Ndugu Wanne, na hata mtoto angeuelewa. Kila mtu anapewa karata saba, zinazobaki zinawekwa katikati. Kwa zamu unaokota moja, unatupa moja, mpaka mmoja akusanye nne za aina moja: wafalme wanne, au saba nne, au chochote. Akizipata anazilaza mezani na mkono umefungwa. Mara moja moja hutokea mtu akagawiwa ndugu wanne papo hapo, kabla hajaokota kitu. Huko waliita kufunga bila kucheza, na aliyebahatika alitaniwa mwezi mzima.

Fundi ndiye aliyechanganya na kugawa, siku zote. Hakuna aliyehoji. Mikono iliyoweza kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga, nani angethubutu kushindana nayo?

Jumamosi ya ugomvi ilikuja baada ya siku tano za baridi na manyunyu. Bi Asilimia alifika saa kumi, mwavuli mkononi na mkate kwapani, akitarajia kelele za kawaida. Alikuta kimya. Kiti kimoja kilikuwa kimesukumwa hadi ukutani. Dereva alikuwa amesimama, Mkunga ameinamia kikombe chake, na baba yake amelaza viganja vyote viwili juu ya karata kana kwamba zingeruka.

"Baba Mdogo yuko wapi?" aliuliza. Ndivyo alivyomwita Kinyozi tangu alipojua kuongea.

"Kaenda kwake," Dereva alisema. "Mwizi akienda kwake mwenyewe, umshukuru."

"Mwizi wa nini?"

"Wa karata. Leo kafunga bila kucheza mara tatu. Ya kwanza tukacheka. Ya pili tukatazamana. Ya tatu nikamwuliza anazificha wapi, kwenye mkono wa koti au chini ya makalio. Akainuka akaondoka, hata kuaga hakuaga."

"Na wewe Baba, ulisema nini?"

Fundi hakuinua macho. "Aliniuliza mimi. Alisema, 'Wewe ndiye unayechanganya, waambie hawa.' Nami nikasema kweli. Nikasema nimezichanganya vizuri, kama siku zote."

Bi Asilimia aliuweka mkate mezani taratibu. Aliona mara moja kwamba sentensi ile ndiyo iliyomfukuza Kinyozi, kuliko makelele yote ya Dereva. Kama karata zilichanganywa vizuri, basi mtu aliyezipokea ndiye mwenye la kujibu.

Wageni walipoondoka alichana karatasi ya mwezi uliopita kwenye kalenda ya ukutani, akaigeuza, akatoa kalamu sikioni.

"Tuchukue wafalme," alimwambia baba yake. "Tunataka wote wanne waangukie kwa Baba Mdogo. Karata ni hamsini na mbili, yeye anapata saba. Kwa hiyo mfalme wa kwanza ana nafasi saba kati ya hamsini na mbili za kwenda kwake. Akishakaa huyo, wa pili amebakiziwa nafasi sita kati ya hamsini na moja. Wa tatu, tano kati ya hamsini. Wa nne, nne kati ya arobaini na tisa. Zidisha zote."

"Mimi hizo sizizidishi bila miwani."

"Nimeshazidisha. Mara moja kati ya elfu saba mia saba thelathini na tano. Lakini si lazima wawe wafalme, aina ziko kumi na tatu. Kwa hiyo gawanya kwa kumi na tatu." Aliandika, akapiga mstari chini yake mara mbili. "Mia tano tisini na tano. Kamili, haina hata desimali."

Alifurahi, hakuweza kujizuia. Namba iliyotoka nzima namna ile ilimpa raha kama ya kukuta kitufe kilichopotea.

"Yaani haiwezekani," Fundi alisema.

"Inawezekana sana. Mko wanne, kwa hiyo kila mnapogawa, nafasi kwamba mmoja wenu amepata ni kama moja kati ya mia moja na hamsini. Mnagawa mara nane kila Jumamosi. Basi kila Jumamosi kumi na tisa hivi, lazima mtu afunge bila kucheza. Wewe mwenyewe uliwahi."

"Ree nne," Fundi alisema upesi, na uso ukamchangamka. "Mwaka ule Dereva aliponunua koti la ngozi."

"Hiyo ni mara moja. Sasa mtu mmoja, mara tatu, alasiri moja." Kalamu ilikimbia tena. "Moja kati ya milioni nne kasoro kidogo. Nikiwa mkarimu, nikasema ingeweza kumtokea yeyote kati yenu, na Jumamosi yoyote katika miaka ishirini, bado ni moja kati ya mia tisa. Hiyo si bahati, Baba."

"Basi aliiba."

"Sijasema hivyo. Nikifungua sanduku kiwandani nikakuta balbu mbovu nne mahali ambapo hata moja ingekuwa nyingi, simkimbilii mpakiaji nikamshika shati. Nakwenda kuangalia mashine."

Fundi alisimama akaenda kuosha vikombe, ingawa zamu haikuwa yake. Kimoja kilimponyoka kikagonga beseni, hakikuvunjika.

Jumatatu baada ya kazi Bi Asilimia alimfuata Kinyozi. Alimkuta anamalizia kisogo cha mteja, wembe mkononi, redio chini chini.

"Umetumwa?" Kinyozi aliuliza bila kugeuka.

"Sijatumwa, Baba Mdogo. Nimekuja na hesabu."

"Hesabu ninayo mimi. Miaka thelathini nimeshika wembe shingoni mwa watu wa mtaa huu, na shingo ya Dereva ikiwamo. Hawakuogopa wembe. Wamekuja kuogopa njiti za kiberiti." Alimpangusa mteja, akamwondolea kitambaa, akangoja mpaka akatoka. "Dereva simjali, mdomo wake umezoea honi. Ila baba yako. Alinitazama usoni akasema, 'Nimezichanganya vizuri.'"

"Ulipata karata gani?"

"Nane. Kisha wafalme. Kisha tano. Nitazisahau vipi?"

"Zilikuwa zimetawanyika ndani ya zile saba, au zilikuja pamoja?"

Kinyozi alifikiri, akikunja kitambaa. "Pamoja. Siku hizi baba yako hagawi moja moja kama zamani. Anatoa nne kwa mpigo, anaanza na mimi kwa kuwa nimekaa kulia kwake, kisha anazunguka tena na tatu tatu. Anasema tunapoteza muda. Basi ni zile nne za kwanza, mara zote tatu." Akakitundika kitambaa. "Na hebu nikuulize na mimi. Mwizi gani mwenye akili anaiba mara tatu kwa siku moja, mbele ya watu walewale?"

"Hakuna," alijibu. "Hilo nalo nimelihesabu."

Kutoka hapo hakuenda nyumbani. Alikwenda kwa Mkunga, akamkuta anaanua nguo kabla manyunyu hayajarudi, akamsaidia kukunja mashuka huku akiuliza. Alitaka jambo moja tu: kabla ya kila mkono wa Kinyozi, nani alikuwa amefunga, na kwa karata gani?

"Nakumbuka uzito wa kila mtoto niliyempokea," Mkunga alisema. "Wewe ulikuwa kilo mbili na gramu mia tisa, unalia kama umedhulumiwa. Karata zitanishinda?" Alivuta ncha za shuka, wakakutana katikati. "Kabla Kinyozi hajapata nane, Dereva alifunga kwa nane. Kabla ya wafalme, mimi nilifunga kwa wafalme. Kabla ya tano, Dereva tena, kwa tano."

"Karata zilezile."

"Zilezile."

"Na Baba Mdogo akishafunga yeye, mbona hazikurudi tena kwake?"

"Kwa sababu kila alipofunga, Dereva, kwa kicheko au kwa hasira, alizimwaga mezani, akazivuruga kwa viganja vyote viwili kama mtu anayefua. Baada ya hapo zilikaa sawa."

Bi Asilimia alisimama na shuka mikononi. Kichwani mambo yalikuwa yanajipanga yenyewe. Aliyefunga amelaza ndugu wanne mezani. Fundi anakusanya karata, na wale wanne, kwa kuwa wako juu mezani, wanabaki juu ya kifurushi. Kama anachanganya sawasawa, wanapotea humo ndani. Kama juu hapaguswi, wanatoka wa kwanza, wote wanne kwa mpigo, kwa mtu aliyekaa kulia. Hata ukiacha yote mengine, nafasi ya aina kurudi ileile mara tatu mfululizo, wakati kuna aina kumi na tatu za kuchagua, ni moja kati ya elfu mbili na mia mbili. Wizi haurudii hivyo. Mashine ndiyo inayorudia.

"Mama Mkunga, wewe ulijua?"

"Nilijua kwamba yule si mwizi. La pili nililiogopa, nikanyamaza. Nimekosa." Mkunga aliweka shuka juu ya mengine, akalisawazisha. "Hilo la pili kamwangalie baba yako vidole."

Alhamisi Bi Asilimia aliomba ruhusa ya nusu siku, akaenda dukani akiwa na saa yake ya mkono ambayo haikuwa na ubovu wowote. "Naona inachelewa," alisema. Akaketi kwenye stuli ya wateja, akamtazama baba yake kama anavyotazama ubao wa majaribio.

Nywele zake zilikuwa zimeanza kuning'inia masikioni. Juzi Jumanne ndiyo ilikuwa zamu yake ya kukatwa, na hakuwa mtu wa kwenda kwa kinyozi mwingine. Alichukua saa kwa vidole vya kati, gumba la kulia likiwa limelala pembeni kama halihusiki. Alijaribu kufungua mfuniko, kifaa kikateleza. Alijaribu tena. Kisha akasema taa haitoshi, ataitazama kesho, akaivuta droo ili aitie humo. Kabla hajaifunga binti yake aliona saa nyingine zimelala ndani, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe.

"Tucheze mkono mmoja," Bi Asilimia alisema. "Mimi na wewe."

Baba yake alichanganya. Kifurushi kilikaa kiganja cha kushoto, mkono wa kulia ukawa unavuta karata za chini na za katikati na kuzirudisha chini, upesi, kwa sauti ile nzuri ambayo binti aliizoea tangu utotoni. Mtu asiyetafuta kitu asingeona kitu. Lakini gumba la kushoto lilikuwa limelala juu ya kifurushi, halinyanyuki. Lilizikandamiza karata za juu tangu mwanzo hadi mwisho, kama jiwe juu ya karatasi.

Jambo moja lilimchoma. Yeye aliyelipwa kwa kukagua alikuwa ameingia chumba hiki kila Jumamosi, na hakuwahi kukagua hapa.

"Tangu lini, Baba?"

Fundi aliziweka karata chini. Angeweza kuuliza tangu lini nini, lakini hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya swali. "La kulia lilianza mwaka jana. Nikasema ni baridi. Baridi ikaisha, lenyewe halikuisha. La kushoto likafuata. Asubuhi ni mabaya, siku za mvua ni mabaya zaidi."

"Na hizo saa?"

"Kumi na moja. Nawaambia wenyewe kwamba kipuri hakijafika." Alicheka kidogo, pasipo furaha. "Nabadilisha mikanda na betri. Mtu akileta kazi ya kweli, naitia droo."

"Ulipomwambia Dereva kwamba umezichanganya vizuri..."

"Nilikuwa naamini." Akajirekebisha mwenyewe. "Nusu nilikuwa naamini. Nusu nyingine ilijua, nikaikanyaga. Kinyozi angenitetea hata kwa jambo asilolijua. Mimi aliponiomba nimtetee, niliitetea mikono yangu."

Bi Asilimia aliisogeza stuli karibu. "Hesabu niliyo nayo inatosha kumsafisha. Naweza kwenda kwa Dereva leo nikamwonyesha kwamba karata hazikuchanganyika. Sitataja mkono wa mtu."

"Atauliza kwa nini hazikuchanganyika."

"Atauliza."

Fundi alitazama nje, ng'ambo ya barabara, ambako mlango wa Kinyozi ulikuwa wazi na mtu alikuwa anafagia. Alipogeuka alikuwa na sauti ya mtu anayempangia mteja siku ya kuchukua kazi yake.

"Jumamosi asubuhi. Kwake, si hapa. Nimempaka doa mbele ya watu, sitalifutia nyuma ya pazia. Waite Dereva na Mkunga. Na wewe uje na kalamu, maana Dereva haamini kitu kisicho na namba."

Jumamosi kinyozini kulikuwa na wateja watatu kwenye benchi, na wa nne kitini. Fundi aliingia mbele, amevaa shati lililopigwa pasi, karata mfukoni. Kinyozi alimwona kwenye kioo, akaendelea na kazi. Dereva alibaki mlangoni, mikono imekunjwa kifuani.

"Sikuja kunyolewa," Fundi alisema. "Nimekuja kurekebisha kazi niliyoiharibu. Nipe ile meza yako ya magazeti."

Akaivuta mwenyewe. Alimpa Mkunga kifurushi akamwomba achague ndugu wanne awalaze mezani, kama amefunga. Mkunga alilaza tisa. Fundi akakusanya, tisa zikabaki juu.

"Ngoja kwanza," Bi Asilimia alisema, akamgeukia Dereva. "Mjomba, kabla hajachanganya nikwambie tunachotafuta. Zikichanganywa sawasawa, nafasi ya karata nne za juu kuwa hizo tisa nne ni moja kati ya mia mbili sabini elfu na ushee. Chukua barabara ya kilomita mia mbili na sabini. Mimi nimechagua mita moja humo, sikuonyeshi. Wewe unaendesha umefungwa macho, unapiga breki popote unapopenda, na gurudumu la mbele linasimama juu ya mita yangu."

"Haisimami," Dereva alisema.

"Haisimami. Sasa tazama."

Fundi alichanganya mbele ya watu wote. Ikasikika ile sauti nzuri. Akatoa karata nne za kwanza, akazilaza upande wa kiti cha Kinyozi, akazifunua. Tisa, tisa, tisa, bibi.

"Enhe," Dereva alisema. "Hapo je?"

Bi Asilimia alijisikia joto masikioni, lakini baba yake hakutikisika. "Saa mbovu haikosei kila dakika," alisema. "Ingekosea kila dakika ungeijua siku hiyohiyo. Mkunga, nipangie tena."

Mara ya pili zilitoka tisa nne. Mara ya tatu Mkunga alilaza ghulamu, zikatoka ghulamu nne. Mmoja wa wateja alisimama kwenye benchi aone vizuri. Kinyozi alikuwa ameacha kunyoa, mashine inanguruma mkononi bure.

"Sasa huenda unafanya makusudi," Dereva alisema, na kwa haki yake, hoja ilikuwa nzuri.

Fundi aliinua mkono wa kushoto, kifurushi kikiwa bado kiganjani. "Njoo ushike hili gumba. Nalinyanyua sasa. Niambie kama linanyanyuka."

Dereva alikuja. Aliweka vidole vyake vinene juu ya gumba lile. Mashine ikazimwa. Uso wa Fundi ulijikaza, mshipa wa shingo ukasimama, na gumba halikwenda popote. Lilitetemeka tu chini ya mkono wa Dereva, kama kitu kilichofungwa. Dereva alilishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipozungumza, kwa mara ya kwanza sauti yake haikushindana na injini yoyote.

"Mbona hukusema, ndugu yangu?"

"Nitasema nini? Fundi saa asiye na vidole." Fundi alimgeukia Kinyozi. "Hukuiba. Nilizigawa mimi mwenyewe, nikakuacha uvikwe jina. Wewe ndiye uliyestahili kuambiwa kwanza kuhusu mikono hii, na nilikuficha hata wewe. Nisamehe."

Kinyozi aliangalia karata, akaangalia gumba. "Kulia kwako ndiko nilikokaa miaka ishirini," alisema. "Ningejua tangu mwanzo kwamba kuna faida, ningekaa hapo kwa haki." Kisha akamtazama Dereva, akangoja.

"Nimekosa," Dereva alisema. "Nimekuita mwizi na hukuwa mwizi."

"Uliniita hivyo mbele ya watu wawili. Umefuta mbele ya saba. Nimepata chenji." Aliinama, akamalizia upande wa kichwa uliokuwa umebaki, akamwinua yule mteja kitini. "Enyi wa benchi, mtanivumilia, huyu amekuwa kama ufagio. Fundi, keti."

Wateja wawili walivumilia. Wa tatu alitaka kwanza aelezwe ile moja kati ya mia mbili sabini elfu inatoka wapi, na Bi Asilimia akamchorea nyuma ya gazeti, akiwa na raha ya mtu aliyepata kazi yake njiani.

Wiki iliyofuata alimpeleka baba yake hospitali. Daktari aliviminya vidole kimoja kimoja, akatazama picha, akasema ni viungo. Dawa na mazoezi vitapunguza maumivu na kuchelewesha ugonjwa, lakini wepesi ule wa zamani usitegemewe. Fundi alimwuliza binti yake njiani, kwa nusu mzaha, ni asilimia ngapi kwamba daktari amekosea.

"Sijui, Baba. Namba za hilo sina."

"Vizuri," Fundi alisema. "Nilidhani unazo za kila kitu."

Siku ileile alianza kuwapigia wenye saa. Bi Asilimia alibonyeza namba, yeye akazungumza, na kila mmoja alimwambia ukweli: mikono imechoka, njoo uchukue, nitakuelekeza kwa fundi mwenzangu mwaminifu. Simu ya kwanza ilimtoa jasho. Kufika ya tano alikuwa anaeleza ubovu wa kila saa kwa undani, kipi kimelegea na kipi kimelika, ili fundi mwingine asidanganye. Walimjia wote kumi na mmoja. Wawili walimwomba akae karibu huku fundi yule mwingine akifungua, amwongoze kwa mdomo, na hapo akagundua kwamba kazi hiyo anaiweza. Saa za ukutani, zenye vyuma vikubwa, aliendelea nazo mwenyewe.

Nao mchezo ulirudi Jumamosi alasiri. Sasa Dereva ndiye anayechanganya. Anazimwaga mezani zote, anazivuruga kwa viganja, anazikusanya, anagawa moja moja kwa mwendo wa lori lililojaa kwenye mlima. Fundi anakaa mahali pake, anafinya kijipira cha mpira alichopewa hospitali, na anamwambia aongeze gia, chai inapoa.